Naomba ushauri: sigwait inapokea SIGTERM mara nyingine, mara nyingine programu inakufa tu

MtegaSamaki, Kisumu
Wadau, hamjambo. Nina kijiprogramu cha C kinachopima joto la chumba baridi cha samaki hapa Dunga. Kinasoma vihisi vinne, kinaweka namba kwenye bafa (hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu), na kila baada ya dakika tano kinamwaga bafa kwenye faili. Kila kihisi kina uzi wake, kuna uzi wa kuandika, halafu kuna modemu ya kutuma SMS kukipata joto. (Nyuzi za programu, yaani kazi zinazoenda sambamba ndani yake, si huu uzi wa jukwaa.)

Stima ya huku mnaijua. Ikipotea, UPS inanipa dakika chache, kisha skripti inatuma SIGTERM (ishara ya kuiambia programu ifunge) ili nimwage bafa kabla betri haijaisha. Mwanzoni nilitumia handla (kitendakazi kinachoitwa ishara ikiingia), ndani yake fprintf na fclose. Ikaenda vizuri wiki tatu. Usiku mmoja programu ikaganda: haifi, haiandiki. Nikaambiwa nihamie sigwait, yaani uzi mmoja ukae ukiingoja ishara. Nimehamia, nina uzi maalum wa kungoja, lakini nikipiga `kill` mara kumi, mara sita hivi bafa inamwagwa. Zilizobaki naona tu "Terminated" kwenye terminali na data imeenda na maji. Mwenye samaki anauliza mbona grafu ina mapengo. Nimwambie nini?

Jembe254
Rudi kwa handla, weka bendera moja (kigeu cha ndiyo au hapana) ya `volatile sig_atomic_t`, nyuzi zote ziwe zinaichungulia. Hiyo sigwait ni kujitafutia kazi.

FundiWaMenengai, Nakuru
Jembe, hiyo ni dawa ya programu yenye uzi mmoja. Uzi wake wa kuandika nadhani umelala kwenye pthread_cond_wait, ukingoja kuamshwa na mwenzake. Bendera ikibadilika, nani atauamsha? pthread_cond_wait hairudi na EINTR (kosa la "umekatizwa na ishara"), na pthread_cond_signal hairuhusiwi ndani ya handla.

MtegaSamaki, kule kuganda kwa kwanza kunaeleweka. Handla huingia katikati ya msimbo wowote. Tuseme imeukuta uzi ukiwa ndani ya malloc (inayotenga kumbukumbu), umeshika kufuli la kumbukumbu. fclose yako inaita free, free inataka kufuli lile lile, na aliyelishika ni wewe mwenyewe. Utangoja mpaka samaki waoze.

sigwait inakuondolea hilo kwa sababu ishara haimkatizi mtu. Inachukuliwa na uzi uliokaa ukiingoja, na ukishaipokea uko kwenye msimbo wa kawaida: shika kufuli, andika, funga faili, amsha wenzako. Sharti ni moja: ishara iwe imezuiwa kwenye nyuzi ZOTE. Ishara ikitumwa kwa mchakato mzima, keneli (kiini cha mfumo) huupa uzi wowote ambao haukuizuia. Ukiangukia uzi mmoja uliosahaulika, SIGTERM haiui uzi huo peke yake, inaua mchakato wote. Tuonyeshe mwanzo wa main, pamoja na `grep SigBlk /proc/NAMBA/task/*/status` (ishara zilizozuiwa kwenye kila uzi) programu ikiwa inaendelea.

MtegaSamaki
```
int main(void) {
    sigset_t s;
    modemu_anza();
    sigemptyset(&s);
    sigaddset(&s, SIGHUP);
    sigaddset(&s, SIGINT);
    sigaddset(&s, SIGTERM);
    pthread_sigmask(SIG_BLOCK, &s, NULL);
    /* hapa ndipo naanza pthread_create */
```
grep imetoa mistari minane. Sita ni 0000000000004003, miwili ni sufuri tupu.

FundiWaMenengai, Nakuru
Omera, jibu unalo mkononi. Hiyo 4003, ukiisoma biti kwa biti, ni ishara namba 1, 2 na 15, zile zako tatu. Sufuri moja isikushtue: uzi ukiwa umelala ndani ya sigwait, keneli ya Linux huufungulia ishara hizo kwa muda. Sufuri ya pili ndiyo mwizi. modemu_anza imeanzisha uzi wake kabla hujazuia chochote, na uzi hurithi maski (orodha ya ishara zilizozuiwa) ya aliyeuzaa, vile ilivyo saa ya kuzaliwa. Panda na ile pthread_sigmask juu ya modemu_anza.

Halafu kagua unavyosoma jibu la sigwait. Ikifaulu hurudisha 0, ikishindwa hurudisha namba ya kosa yenyewe, kwa hiyo errno (kigeu ambamo C huweka namba ya kosa) haikuhusu. Na usije ukatia SIGSEGV (ishara ya kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa) kwenye seti kwa kujaribu bahati. Hiyo inatokana na kosa la uzi wenyewe, si ya kungojwa.

MamaKeneli
Nyongeza. Kama SMS unazituma kwa kuita skripti kupitia fork na exec (kuzaa mchakato mtoto, kisha kuupa programu nyingine), maski inavuka hadi kwa mtoto, hata baada ya exec. Ilinipata nikiwa Bungoma: skripti yangu ya nakala ilikuwa haisikii SIGTERM, nikadhani imerogwa. Kwenye mtoto, kabla ya exec, rudisha maski tupu kwa SIG_SETMASK.

MtegaSamaki
Asanteni sana. Nimepandisha mistari, grep sasa inatoa 4003 saba na sufuri moja. Nimepiga kill mara thelathini, bafa imemwagwa mara thelathini. Jana saa mbili usiku stima ikapotea yenyewe, faili iko sawa mpaka namba ya mwisho.

Dada MamaKeneli, nimeangalia: kuna skripti tatu za SMS zimening'inia tangu wiki jana, zote SigBlk ni 4003. Nimeziua kwa kill -9 (ishara isiyozuilika), sasa naingia kwenye ile fork.