Fegi moja moja: marufuku itekelezwe au ifutwe?

Mwenye mada: Kenya ilishakataza kuuza sigara (fegi) chini ya kumi kwa mara moja, kupitia Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007. Lakini kioski chochote utakachosimama, pakiti imechanwa, kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi, mtu anatoa sarafu, anapewa fegi moja na kuiwasha papo hapo. Tuamue basi: sheria hii itekelezwe au ifutwe?

Karani wa Ushuru: Itekelezwe, maana fegi moja inaua nguvu ya ushuru. Tangu mwisho wa 2024 sigara elfu moja hutozwa shilingi 4,100, iwe na kichungi au isiwe nacho. Hiyo ni shilingi 4.10 kwa fegi, 82 kwa pakiti ya ishirini. Ushuru ukipanda senti 50 kwa fegi, mnunuzi wa pakiti atadaiwa shilingi 10 zaidi, na atalalamika. Kioskini nani ana senti 50? Muuzaji hubana faida yake, bei ikakaa palepale, mpaka siku itakaporuka shilingi tano nzima. Halafu zile picha za mapafu na vidonda zilizoanza kuwekwa 2016: ziko kwenye pakiti, na pakiti iko kwenye droo ya muuzaji!

Sauti ya Kioski: Hesabu zako nzuri, ila hujauliza nani atashikwa. Tuseme pakiti ni 240 na fegi ni 15: ishirini zinaleta 300. Hizo 60 ni faida, na fegi moja ndiyo inayomleta mteja anunue na chai na mandazi. Askari wa kaunti akija hampeleki mtu kortini, anataka "kitu kidogo". Huo ni ushuru mwingine, ila hauingii hazina. Na anayevuta mbili kwa siku mkimlazimisha kununua kumi, atavuta kumi.

Karani wa Ushuru: Kwa mtu mzima anayejipunguzia, hapo nakubali, fegi moja ni breki. Lakini mtoto wa shule ana sarafu ya nauli tu. Inatosha fegi, haitoshi kumi.

 

Mkaguzi Mstaafu: Tatizo ni ushahidi. Stempu ya ushuru inabandikwa kwenye pakiti, na ndiyo mkaguzi anayoiskani kwa simu. Fegi ikishatoka haina kitu cha kuskani. Muuzaji anaweza kuijaza pakiti ileile kwa sigara za magendo wiki nzima, na stempu ikasoma sawa. Pia kosa lililoandikwa ni *kuuza*. Ukikuta pakiti iliyochanwa, atakwambia ni yake, anavuta mwenyewe, na ni vigumu kumbana kama hukuiona sarafu ikibadilisha mkono. Kwa hiyo kabla ya kuwakimbiza wachuuzi, rekebisheni kifungu: pakiti iliyofunguliwa kwenye meza ya biashara iwe kosa lenyewe, na mzigo wa kwanza wa faini umwangukie msambazaji anayepeleka katoni kwenye kibanda kisicho na leseni.

Sauti ya Kioski: Msambazaji kwanza? Hapo tunaweza kuongea.