Majirani Njoro: kofia za njiti

JUMANNE

Mama Neema: Habari za jioni majirani. Kofia zimefika 23. Wodi ya njiti, wale watoto waliozaliwa kabla ya wakati, tuliwaahidi 60 kabla ya tarehe 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti. Leo nimekaa na Sista Ester wa wodini tumezipanga mezani moja moja. Naomba aseme mwenyewe, mimi nisije nikaonekana mbaya.

Baba Glory: Hapo kuna kesi 😂

Sista Ester: Shikamoo wakubwa zangu. Kwanza asanteni sana, kazi mmefanya. Zinazofaa ni 9.

Mama Brian: 9???

Mama Brian: Mimi peke yangu nimeleta 11

Sista Ester: Najua Mama Brian, na kwa mkono zako ndizo nzuri kuliko zote. Shida ni mbili. Kwanza ukubwa. Mtoto aliyetimiza miezi yake kichwa kinazunguka kama sentimita 35. Hawa wetu wa kilo moja na nusu ni 27, 28. Kofia kubwa inamshukia machoni mpaka puani, nesi anaivua, joto linapotea palepale tulipotaka kulizuia.

Mama Neema: Neema alizaliwa na kilo 1.3. Kofia tuliyoandaa ilimfika shingoni. Baba yake alikata soksi yake mpya, akafunga fundo juu, ndiyo aliyovaa siku mbili za kwanza.

Mama Rehema: Yule yule Neema aliyenivunjia dirisha juzi?

Mama Neema: Huyo huyo 🙈

Sista Ester: Ya pili ni uzi. Nguo za wodini zinapita maji ya moto na jiki. Sufu halisi ikichemshwa inasinyaa, inabaki kofia ya mwanasesere. Ule uzi wa plastiki unaong'aa unalegea, halafu haunyonyi jasho. Uzi wa pamba ndio unaostahimili.

Mama Brian: Muuzaji pale Mbuyuni aliniambia ni pamba

Bibi Glory: GLORY NDIYE ANAANDIKA, BIBI ANASEMA: Muuzaji atakwambia chochote. Kata uzi urefu wa kidole, shika kwa koleo, washa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, unabaki na majivu. Sufu inanuka nywele. Plastiki inayeyuka, inaacha kidonge kigumu. Fanyieni nje.

Mama Rehema: Shikamoo bibi. Nimejaribu sasa hivi. Kidonge 😭

Bibi Glory: MARAHABA. BIBI ANASEMA POLE, USITUPE, FUMA VITAMBAA VYA MAKOCHI.

Baba Glory: Mimi sielewi. Badala ya kofia si tuchange tununue ile mashine ya kuwapasha joto?

Sista Ester: Baba Glory, mashine inahitaji umeme, vipuri na fundi. Kolombia mwaka 1978 mashine hazikutosha, watoto wawili watatu wanalazwa kwenye moja, wanaambukizana. Madaktari wakaanza kuwafunga watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo njia ya kangaruu hiyo, sasa inatumika dunia nzima, hata kwenye nchi zenye mashine za kumwaga. Mtoto anavaa nepi, soksi na kofia basi. Mwili unapashwa na mama. Kichwa ndicho kinabaki nje, na kichwa cha njiti ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Kwa hiyo kofia siyo pambo.

Sista Ester: Na baba naye anaweza kumbeba. Kifua ni kifua.

Mama Rehema: Baba Glory umesikia? Kifua ni kifua 😂😂

Baba Glory: Nimesikia. Naomba basi kofia za kijani na njano

Baba Brian: Nyekundu na nyeupe. Watoto wasianze maisha kwa huzuni

Mama Neema: Mpira peleka kule kwenye kikundi chenu tafadhali

JUMATANO

Nuru: Shikamoo wote. Mimi naomba tufume na pweza. Nimeona Denmark walianza mwaka 2013, mtoto anashika mikia ya pweza kama alivyokuwa anashika kitovu tumboni, having'oi vile vimpira vya pua. Naweza kufuma wawili kwa siku.

Bibi Glory: BIBI ANAULIZA PWEZA ANATOKEA WAPI NJORO.

Sista Ester: 😂 Marahaba Nuru. Siwakatai, ila masharti yake ni mengi. Mkia ukiuvuta usizidi sentimita 22, usije ukamzunguka shingo. Ufumaji ubane, pamba ya ndani isitokeze. Na achemshike kama kofia. Isitoshe mtoto aliye kifuani ana kidole cha mama cha kushika. Kofia 51 zimebaki, Nuru.

Nuru: Sawa aunt. Pweza mmoja tu wa kwangu

Mama Rehema: Uzi wa pamba umepanda. Duka la kwanza 4,000, la pili hawana rangi

Mama Neema: Nendeni Kiborloni mkafumue masweta ya mtumba. Jana nimepata la pamba kwa 2,000, nadhani litatoa kofia 8. Ila kabla hujalipa geuza ndani uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona limekatwa na kushonwa ovaloki, rudisha, utatoka na vipande vipande vya uzi. Tafuta lile lililounganishwa kwa uzi kama mnyororo, ukikata mmoja unavuta mpaka mwisho. Ukimaliza zungushia mgongo wa kiti, funga sehemu nne, loweka, anika na uning'inize kitu kizito chini. Mimi nilining'iniza mchi. Uzi ukinyooka hakuna atakayejua ulikuwa sweta.

Baba Brian: Kumbe lile sweta langu la buluu...

Mama Neema: Sina la kusema, muulize mkeo

Mama Rehema: Mama Brian mbona kimya tangu jana

Baba Glory: Amekasirika

Mama Neema: Baba Glory!

ALHAMISI

Bibi Glory: 📷 Picha

Bibi Glory: BIBI ANASEMA KOFIA YAKE YA TATU. AMEIVALISHA CHUNGWA LA MUHEZA, LILE KUBWA. IKIKAA CHUNGWANI INAKAA NA MTOTO.

Sista Ester: Bibi hiyo ni kamili kabisa ❤️ Wote pimieni chungwa. Na zile zenye shanga na vifungo naomba mviondoe, vikichomoka vinaingia mdomoni.

Mama Rehema: Chungwa langu limeliwa kabla sijapima

Mama Brian: Ujumbe huu umefutwa

Mama Brian: Habari zenu. Zile 11 nimezichukua kwa Mama Neema, nimezifumua zote. Nitamfumia mama mkwe shali, huko Marangu baridi haina mchezo. Nimenunua uzi, nimeuchoma, majivu matupu.

Mama Neema: Umefanya la maana jirani

Mama Brian: Swali. Naanza na vitanzi 6, halafu 12, 18, 24, hapo sawa. Naacha kuongeza wapi? Zangu zote zilikuwa zinapanuka kama sinia

Sista Ester: Lilaze duara mezani uweke rula katikati. Likifika sentimita 8 na nusu acha kuongeza, teremka tu. Uzi una mvuto, utafika 28 wenyewe.

Mama Brian: Mimi nilikuwa nafika 11

Bibi Glory: BIBI ANACHEKA.

Mama Brian: Na nani ana kroshia namba 3 aniazime mpaka Jumapili? Yangu imekaliwa na Baba Brian

Baba Brian: Ilikuwa kwenye kochi langu

Mama Rehema: Ninayo, mtume Brian aje na chungwa