Naomba ushauri: besi gitaa inavuma tu kanisani, noti hazisikiki

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Napiga besi gitaa kwaya ya kanisani huku Masasi, Mtwara. Ampu yetu ni ya wati 100, spika moja ya inchi 15, ina vitufe vya geini (nguvu ya sauti inayoingia), besi (sauti nzito), midi (sauti za kati), trebo (sauti nyembamba) na masta (sauti ya jumla).

Shida ni kwamba nikifungua masta mpaka nisikike juu ya kinanda na drams, sauti inageuka mvumo mtupu, hasa uzi wa E ukiwa wazi (nikiupiga bila kuubana), mabati ya paa yanatetemeka na waliokaa nyuma wanasema wanasikia ngurumo ila noti hawaielewi, wakati mimi niliye jirani na ampu naisikia safi tu. Nikishusha ndo napotea kabisa.

Geini naipandisha mpaka taa nyekundu ianze kupepesa nikichapa kwa nguvu, halafu narudisha kidogo. Ampu nimeitoa sakafuni nikaiweka juu ya benchi, mvumo ukapungua kiasi. Kuongeza trebo kumeleta mikwaruzo ya vidole tu, kwangu haina msaada.

Sasa wazoefu, nishushe kitufe cha besi chini ya katikati nipandishe cha midi, hata kama nikipiga peke yangu sauti inakuwa kavu haina utamu? Na gitaa langu linatumia betri ya volti 9, ampu ina matundu mawili, lenye sauti kubwa na lenye sauti ndogo, nichomeke lipi?

Jumapili tunapokea kwaya ya wageni kutoka Newala, natamani sana tusikike vizuri. Natanguliza shukrani.