Vipepeo wanatoka na mabawa yaliyokunjamana, nakosea wapi?

Mama Zai, Houston
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mwaka jana nilinunua dukani miche 5 ya ile Asclepias (mmea unaoliwa na viwavi wa monaki) ya maua mekundu na manjano, nikapanda kando ya uzio. Vipepeo monaki hawakukawia kutaga. Viwavi nikawaingiza ndani, kama 30 hivi, kwenye tangi kuukuu la samaki. Binti yangu akirudi shule hata begi havui, anakimbilia kuwahesabu. Wiki hii pupa 11 zimepasuka, na vipepeo 6 mabawa yao ni kama karatasi iliyofinyangwa. Mmoja alikwama nusu ndani nusu nje. Dawa sipulizi. Naombeni msaada.

Fundi Bustani
Dada, pupa zilikuwa na madoa meusi upande mmoja kabla hazijapasuka?

Mama Zai, Houston
Ndiyo! Nikadhani zinaiva.

Fundi Bustani
Pupa yenye afya inapoiva huwa nyeusi pande zote sawasawa, rangi za mabawa zikionekana ndani. Madoa ya upande ni dalili ya OE, kimelea kiitwacho Ophryocystis elektroscirrha. Kipepeo mgonjwa ana vumbi la kimelea hicho tumboni, akitaga linabaki kwenye yai na jani, kiwavi analila. Tiba hakuna.

Mzizi wa matatizo ni huo mmea wenyewe. Asili yake ni nchi za joto, na Houston haipati baridi ya kutosha kuukausha, kwa hiyo vumbi linarundikana jani kwa jani mwaka mzima. Asclepias za Texas hukauka, mizizi ikabaki, zikachipua zikiwa safi. Kata yote karibu na ardhi, na ikichipua kata tena hadi Februari. Vaa glavu na usijiguse macho, utomvu wake ni hatari. Tangi liloweke kwa jiki dakika 20, jiki sehemu moja maji sehemu nne, kisha lisuuze hasa.

Mjukuu wa Gede
Thelathini kwenye kioo! Mjomba wangu alikuwa akifuga vipepeo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya, na kuuza pupa kupitia mradi wa Kipepeo. Alitugombeza kwa kinyesi cha viwavi kuliko kwa madaftari ya shule. Tafuta kizimba cha wavu, weka watatu au wanne, zoa kila siku.

Bibi wa San Antonio
Mwanangu, tupo Oktoba. Monaki wanaopita sasa wanakwenda milima ya Michoacán, Mexico, na wengi wao hawatagi hadi masika. Wakikuta majani mabichi, wapo wanaoahirisha safari. Wakati huu wape maua ya kunyonya tu. Mimi nina Conoclinium, wanalijaa hadi kero. Kisha tafuta mbegu za Asclepias viridis, ya asili ya huku Texas, uzifunge kwenye karatasi yenye unyevu, uziweke kwenye friji mwezi mzima. Ukiruka hatua hiyo nyingi hazioti, nilipoteza msimu mzima kwa ubishi.

Mama Zai, Houston
Asante Bibi. Na hawa wasioruka?

Fundi Bustani
Wafunge kwenye bahasha, weka kwenye friza. Usiwatoe nje, watasambaza.

Mama Zai, Houston
Nimekata minne. Wa tano una kiwavi mmoja, na binti amekaa mbele yake na kiti.

Bibi wa San Antonio
Mwache amalize kula. Panga lisubiri Jumamosi.