Mama mkwe anataka mtoto apelekwe Singida, nimkatalieje?

MamaK_Ngarenaro: Habari wanajamvi. Niko Arusha, mume wangu Mnyaturu. Mama mkwe amekuja kumwona mjukuu, sasa anasema mtoto ana lawalawa, twende naye Singida akatibiwe. Mume kanyamaza. Nimkatalieje bila kumdharau?

Kichwa_Ngumu: Wakwe ni mtihani. Wangu alikaa miezi minne, akanihamishia hadi masufuria. Pole dada.

Nesi_Moshi: Mtoto wa kike? Miezi mingapi? Na huko "kutibiwa" ni nini?

MamaK_Ngarenaro: Wa kike. Mitatu. Ndiyo hivyo, kukata.

Nesi_Moshi: Nilihisi. Lawalawa ni maambukizi tu, fangasi au UTI. Anawashwa, analia akikojoa. Mkojo unapimwa, anapewa dawa, basi. Wembe hauui bakteria, unawafungulia mlango. Na mtoto huyo damu yake yote ni kama nusu lita.

Mzee_Sanawari: Bibi zetu walikatwa na walizaa kumi kumi.

Nesi_Moshi: Hao ndio unaowaona, mzee wangu. Waliovuja damu hadi mwisho nani anawahesabu?

Kanzu_Nyeusi: Kifungu cha 169A, Kanuni ya Adhabu, tangu 1998. Mzazi au mlezi akisababisha binti wa chini ya miaka 18 akeketwe: jela miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi laki tatu, au vyote. Mama umo.

MamaK_Ngarenaro: Msinihukumu jamani. Tiketi zimeshakatwa, Jumamosi. Tumekubaliana iwe kidogo tu, wembe mpya, mimi nikiwepo. Nikikataa atafanya siku sipo.

Kichwa_Ngumu: Kumbe ulikuja kutafuta baraka, si ushauri.

Fukunyuku: Chai hii. Mwezi wa 6 uliandika hapa hapa mama mkwe wako amefariki. Kafufuka?

Dogo_Kijenge: 😂😂 Chai ya tangawizi. Vitafunwa viko wapi?

MamaK_Ngarenaro: Aliyefariki ni mama mzazi. Huyu ni mama mdogo, ndiye aliyemlea mume wangu. Wote wakwe zangu.

Fukunyuku: Hmm.

Nesi_Moshi: Chai au maziwa, mimi namjibu mtoto. "Kidogo" hakuna, kovu ni kovu. Kesho nenda kituo cha afya NA bibi, aelezwe yeye, majibu asomewe yeye. Aking'ang'ania, piga 116, ni bure, au Dawati la Jinsia polisi.

Dogo_Kijenge: Tunasubiri mrejesho.

MamaK_Ngarenaro: Nimemwambia. Anauliza, mkojo wa mtoto wa miezi mitatu wanaukingaje?