Hilux 22R inaishiwa nguvu mlima wa Igawilo, nataka kubadilisha filta ya mafuta na plagi mwenyewe

Mbolea_na_Viazi

Mugonile wakuu. Nina Hilux pikapu ya 1991, petroli, injini 22R ya kabureta, siyo EFI (ile inayopulizia mafuta kwa umeme). Kazi yake ni kupandisha mbolea kwenda Isyonje na kushusha viazi mpaka Mwanjelwa. Kwenye tambarare ya Uyole inakimbia vizuri tu, ila nikianza kupanda kutoka Igawilo nikiwa na mzigo inafika mahali inaanza kukatakata, nakanyaga resi haiitiki, narudisha gia ya pili bado, mwisho inazima kabisa. Nikiipaki pembeni kidogo inawaka bila shida na inapanda tena kipande, halafu yale yale. Asubuhi za baridi nayo haikai sailensa (kunguruma taratibu bila kukanyaga resi), inamisi na kutoa moshi mweusi, ikishapata moto inatulia.

Fundi mmoja kasema ninunue kabureta nyingine, mwingine kasema ni pampu. Mimi kabla sijatoa hela yote hiyo nataka nianze na filta ya mafuta na plagi maana sijui mwenye gari wa zamani alizibadilisha lini, inawezekana hajawahi. Spana ninazo, muda ninao. Naomba mnielekeze nianze na kipi, plagi za namba gani, nafasi yake (pengo la kurukia cheche) kiasi gani, na hiyo petroli nafanyaje isinimwagikie kwenye injini ya moto. Sitaki kuua gari, ndiyo inayolisha watu nyumbani.

FundiSae

Mkuu umefikiri vizuri. Dalili zako naziona ni mbili tofauti, usizichanganye. Ile ya kuzima mlimani na kupona ukipumzika ni njaa ya mafuta. Kabureta ina kibakuli chake chenye boya, kwenye tambarare injini inakunywa taratibu kwa hiyo hata njia ikiwa imebana kibakuli kinajaa, ukikanyaga mlima mrefu na mzigo injini inakunywa kuliko kinachoingia, kibakuli kinakauka, gari inazima. Ukisimama kinajaa tena. Ile ya kumisi asubuhi na moshi mweusi ndiyo ya plagi au mchanganyiko wa mafuta na hewa. Kwa hiyo anza na filta.

Lakini kabla hujashika spana kuna kipimo cha bure. Siku nyingine ikianza kukata pale mlimani, simama salama, fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia hewa inavutwa kwenda ndani kwa nguvu na gari ikapona papo hapo, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba, tenki linashindwa kuachia mafuta. Watu wamebadilisha pampu bure kwa sababu ya mfuniko.

Filta sasa. Injini iwe baridi kabisa, gari nje siyo ndani ya banda, toa waya hasi wa betri, mtu asivute sigara wala kusiwe na jiko la mkaa karibu. 22R ya kabureta pampu yake ni ya kimakenika, imefungwa kwenye silinda hedi na inasukumwa na kamshafti, kwa hiyo huna presha kubwa ya kuogopa. Fungua mfuniko wa tenki kwanza kutoa hewa iliyobanwa. Shika paipu inayoingia kwenye pampu uifuate kurudi nyuma utaikuta filta. Weka kopo chini, bana mpira unaotoka tenki, legeza klempu, zungusha mpira kwanza ndio uvute. Ukiuvuta kwa hasira mpira mkongwe unapasuka. Filta mpya ina mshale, mshale uelekee kwenye pampu.

Na hapa ndipo wengi wanapotea: hiyo mipira ya upande wa tenki pampu inaivuta, haiisukumi. Mpira ukiwa na ufa upande huo HAUVUJI, unaingiza hewa. Utaangalia chini pakavu utasema mipira mizima, kumbe pampu inavuta hewa badala ya petroli. Ukunje kila mpira kwenye ncha zake kwa vidole, ukiona mipasuko midogo midogo nunua mpya, uwe mpira wa mafuta siyo wa maji, petroli inaula wa maji mpaka unakuwa ute.

FundiSae

Naendelea na plagi, simu ilikuwa inaisha chaji.

Kwa 22R chukua NGK BPR5EY au Denso W16EXR-U, nafasi ni milimita 0.8. Nunua duka unaloliamini maana za kuigiza zipo nyingi sokoni, kagua maandishi kwenye kaure na uangalie uzi (mistari ya kukazia) kama umekatwa vizuri. Hata mpya ya kwenye boksi ipime nafasi, zinaanguka njiani. Usipime kwa kipande cha msumeno wa chuma kama tulivyozoea gereji, msumeno mwingi hauzidi 0.65, tafuta fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo).

Silinda hedi ya 22R ni aluminiamu kwa hiyo usifungue plagi injini ikiwa moto, unaweza kutoka na uzi. Pulizia vumbi kwanza kwa pampu ya tairi kuzunguka kila plagi, hasa wewe wa barabara za Isyonje, vumbi likidondoka ndani linakwenda kusugua silinda. Toa waya mmoja badilisha plagi rudisha waya ndio uende kwa nyingine, shika kwenye kofia ya mpira usivute waya wenyewe. Ukizichanganya mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, namba 1 ni ya mbele upande wa feni.

Kurudishia: chukua kipande cha mpira wa mafuta kama urefu wa kiganja, chomeka kwenye kichwa cha plagi, izungushe nacho kwa vidole. Ikiingia vibaya mpira unateleza tu, uzi hauharibiki. Ikishakaa yenyewe mpaka mwisho ndio ulete spana ya 21, uongeze nusu mzunguko hivi basi, pete (washa) mpya ya plagi itakuwa imebanwa. Mwenye toki rinchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) aweke Nm 18. Na usipake grisi kwenye uzi, NGK wenyewe wanakataza kwa sababu unakuja kukaza kupita kiasi bila kujua.

Za zamani USITUPE. Zipange kwenye kibao kwa namba zake upige picha ulete hapa.

Mwana_Ipogolo

Niongezee kwa wenye 22R-E wasije wakafuata hayo ya filta kichwa kichwa. EFI pampu yake ni ya umeme iko ndani ya tenki na njia inabaki na presha kubwa hata gari ikiwa imezimwa. Unatoa fyuzi au rilei ya pampu, unawasha mpaka izime yenyewe, ndio unafungua, tena taratibu na kitambaa juu yake. Filta yake ni ya chuma, washa zake za shaba zinabadilishwa mpya kila ukifungua. Huku Iringa nimeshaona mtu kafunga filta ya plastiki ya kabureta kwenye EFI kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, ile ikipasuka juu ya ekzosi gari inaungua yote, tafadhali sana msifanye.

Kwa mleta mada, kwa nini usiweke plagi za iridium kabisa ukaongeza nafasi mpaka 1.1? Cheche inakuwa kubwa, Kitonga utapanda unaimba.

FundiSae

Kaka Ipogolo ya EFI uko sahihi kabisa. Hiyo ya 1.1 hapana. Nafasi ikiongezeka koili (inayotengeneza umeme wa cheche) inatakiwa itoe umeme mwingi zaidi ndio cheche iruke, na ukiwa mlimani resi imekanyagwa mwisho presha ndani ya silinda iko juu, cheche inazidi kuwa ngumu kuruka. Koili ya 1991 na waya za 1991 zitaanza kumisi hapo hapo unapohitaji nguvu. Kitabu kinasema 0.8, aweke 0.8. Iridium siyo mbaya ila hiyo hela anunue seti ya waya za plagi na kofia ya distributa (inayogawa umeme kwenye plagi), atafaidi zaidi.

Tukuyu_Mvua

Shikamooni wakubwa. Mimi naendesha pikapu ya kabureta Tukuyu mpaka Mbeya, kuhusu moshi mweusi niseme kitu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Isyonje ni zaidi ya 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi lakini kabureta haijui hilo, inaendelea kutoa petroli ile ile, kwa hiyo mafuta yanazidi hewa na plagi zinashika masizi. Injini yoyote isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000, sasa kaka usitegemee ipande Igawilo kama inavyokwenda ikiwa Dar.

Kwa hiyo kabla hujalaumu kabureta angalia filta ya hewa na choki (kibamba kinachobana hewa wakati wa kuwasha baridi). Choki ikigoma kufunguka yote, au filta ya hewa ikiwa imejaa vumbi, hapo ndio unaua plagi mpya ndani ya muda mfupi. Filta ya hewa itoe uiangalie kwenye mwanga wa jua, kama mwanga haupenyi weka mpya, hayo mambo ya kuipigapiga kwenye tairi hayatoshi.

Chimala_Mpunga

Samahani naingilia, mimi nina Hilux ya 2L nayo inakosa nguvu, hizo plagi NGK zinaingia?

FundiSae

Mkuu 2L ni dizeli, haina plagi za cheche, zake ni za kupasha joto asubuhi tu na haziondoi nguvu gari ikishawaka. Wewe badilisha filta ya dizeli na ufungue koki ya chini umwage maji, halafu pampu kwa mkono pale juu mpaka iwe ngumu ndio uwashe. Fungua mada yako tukusaidie vizuri.

Mbolea_na_Viazi

Wakuu nimerudi. Mfuniko nilipima kwanza hauna shida. Filta ilikuwa haijawahi kubadilishwa naamini, nilipoipindua kwenye sahani nyeupe petroli ilitoka rangi ya chai ya rangi na chembe nyekundu za kutu zikabaki chini, ukizisugua kwa kidole zinakwaruza. Mpira mfupi unaoingia kwenye pampu ulikuwa na ufa kama FundiSae alivyosema na pale chini pakavu kabisa hapakuwahi kuvuja hata tone. Nimebadilisha mipira yote miwili na klempu.

Plagi: namba 1, 2 na 4 nyeusi kavu, masizi yanatoka kwa kidole. Namba 3 nyeusi lakini inang'aa, imelowa, siyo petroli, ni kitu kizito. Nafasi zote zilikuwa zimepitiliza 1. Filta ya hewa haikupitisha mwanga, nimeweka mpya. Choki ilikuwa imekwama nusu, nimeisafisha inajirudi yenyewe sasa.

Nimepandisha mbolea Isyonje mzigo ule ule, gia ya tatu sehemu kubwa ya mlima, ya pili kwenye kona kali, haikukata kabisa. Asubuhi sailensa imekaa. Nashukuru sana jamani, kabureta sikununua. Ila hiyo namba 3 inanipa mawazo.

FundiSae

Hongera mkuu, umefanya kazi safi. Tatu zenye masizi makavu ndiyo hadithi ya dada wa Tukuyu, hewa nyepesi, filta ya hewa na choki, na ulishaziondoa hizo mbili. Zitazame tena baadaye, rangi unayoitaka ni kahawia nyepesi au kijivu. Ukikuta nyeupe na vipele ujue mafuta yamekuwa machache mno, usiendelee kupanda milima nayo.

Namba 3 ni oili. Tafuta mwenye geji ya kompresheni (kipimo cha presha ndani ya silinda), injini iwe ya moto, toa plagi zote nne, toa waya wa koili, kanyaga resi mpaka chini mtu apige stata. Kitabu cha 22R kinataka 171 psi, isishuke 142, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Huku kwetu geji itasoma chini ya hapo kwa sababu ya mwinuko kwa hiyo wewe shikilia ile tofauti. Kama namba 3 iko chini peke yake weka kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Kama zote nne zinalingana, basi ni sili za valvu zimechoka, hilo halikusimamishi kazi leo, angalia tu oili kila unapojaza mafuta.

Kingine, kutu ile haikutoka kwenye filta, imetoka kwenye tenki. Filta mpya itajaa tena. Nunua ya akiba uiweke kwenye dashibodi pamoja na bisibisi ya klempu, punguza kununua petroli ya madumu, na msimu wa viazi ukipoa lishushe tenki lioshwe. Ukilishusha chungulia na ile chujio ndogo ya ndani kwenye bomba la kunyonyea, kama imeoza ibadilishe hapo hapo.

Mbolea_na_Viazi

Geji nimeipata kwa fundi mmoja pale Soweto, Jumamosi napima. Nitaweka namba zote nne hapa.