Naomba ushauri: nibaki CTC (kliniki ya matibabu ya VVU) au niende kwenye utafiti?

Habari za jioni wakuu. Mimi ni daktari, niko CTC moja huku Temeke mwaka wa 4 sasa. Nimepata nafasi kwenye mradi wa utafiti wa VVU, na ndoto yangu ni kubobea kwenye magonjwa ya kuambukiza. Kinachonishika ni wagonjwa wangu.

Juzi alikuja mama mmoja (nimebadilisha mambo kidogo asitambulike), wingi wa virusi umevuka nakala 1,000 kwa mililita ya damu, yaani virusi havijadhibitiwa. Dawa ni ileile yenye dolutegravir, kidonge kimoja kwa siku, dawa nzuri kweli. Nikamuuliza taratibu. Akafungua pindo la kanga, akatoa kifuko cha nailoni. Vidonge amevitoa kwenye kopo kwa sababu kopo linalia likitikisika, na mumewe hajui. Wakienda ukweni anaviacha nyumbani. Tungekimbilia kumbadilishia dawa, tungekosea kabisa. Imenichukua miaka 2 mama huyu kuniamini.

Lakini hata hicho kidonge kimetokana na utafiti, na watu waliokubali kusaini fomu ya ridhaa. Maswali kama ya huyu mama nayo yanahitaji mtu wa kuyafanyia kazi.

Mliopitia njia hii, inawezekana kuomba siku 2 za kliniki kwa wiki ukiwa kwenye mradi? Na mgonjwa wa namna hii unamkabidhije kwa mwenzako bila kumpoteza? Natakiwa kujibu Ijumaa.